SIHA NA LISHE: Faida za mbegu za maboga, simsim na nyinginezo, na jinsi ya kuziandaa

BOGA linapopasuliwa jikoni, aghalabu nyama yake huingia sufuriani na mbegu zake huishia jaani pamoja na maganda. Katika nyumba nyingi nchini hilo ni jambo la kila siku lisilozusha swali lolote. Ilhali nyumba iyo hiyo hulazimika baadaye kutafuta pesa za mayai, maziwa au nyama ili watoto wapate protini, naye mama mjamzito hurudi kutoka kliniki na vidonge vya madini ya chuma mkobani kwa kuwa damu yake imepatikana kuwa haba.

Mbegu zinazoliwa ni nyingi. Maharagwe, kunde na mbaazi nazo ni mbegu, hali kadhalika njugu. Hata hivyo, wataalamu wa lishe wanapozungumzia mbegu huwa wanakusudia hasa zile zenye mafuta mengi zinazoliwa kwa kiasi kidogo pamoja na chakula kingine, kama vile mbegu za maboga, simsim (ambayo pia ni ufuta), alizeti, kitani na chia. Pamoja nazo huwekwa mbegu za mchicha, ijapokuwa hizi hutumiwa zaidi kama nafaka.

Mbegu ya boga ndiyo inayostahili kutangulia, kwa sababu ndiyo inayopatikana karibu na kila mtu na ndiyo inayotupwa zaidi.

Mbegu za maboga

Mmea wa boga asili yake ni bara la Amerika. Katika pango moja jimboni Oaxaca, nchini Mexico, wanaakiolojia walipata mbegu za maboga yaliyokuzwa na binadamu takriban miaka 10,000 iliyopita. Inadhaniwa kuwa watu wa kale walivutiwa kwanza na mbegu kuliko nyama, kwani maboga ya mwituni huwa na nyama nyembamba na chungu. Nchini Mexico mbegu hizo zingali zinasagwa kutengenezea mchuzi mzito, na huko Afrika Magharibi mbegu za jamaa wa tikiti, maarufu kama egusi, ni kitoweo kinachoheshimika.

Mbegu za boga zilizokauka na kuambuliwa ganda huwa na takriban gramu 30 za protini katika kila gramu 100. Maharagwe makavu huwa na gramu 22 hadi 24. Lakini hakuna anayeketi akala gramu 100 za mbegu kwa mkupuo mmoja, na matangazo mengi ya vyakula vya afya hulifumbia macho jambo hilo. Kipimo cha haki ni konzi moja, yaani gramu 30 hivi.

Konzi hiyo humpa mlaji gramu 9 za protini, miligramu 2.5 za madini ya chuma, zaidi ya miligramu 2 za zinki na zaidi ya miligramu 150 za magnesiamu. Kiasi hicho cha magnesiamu ni karibu nusu ya mahitaji ya mwanamke kwa siku. Zinki nayo huhitajika kwa kinga ya mwili, kupona kwa vidonda na ukuaji wa watoto. Mwanamke huhitaji miligramu 8 kwa siku na mwanamume 11, ilhali mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu huhitaji miligramu 3 pekee. Kwa hivyo kijiko kimoja au viwili vya unga wa mbegu za boga katika uji wa mtoto si kidogo hata kidogo.

Kuhusu madini ya chuma, hesabu inahitaji uangalifu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku na mjamzito 27. Konzi ya mbegu basi humpa asiye mjamzito sehemu moja kati ya saba tu ya mahitaji yake. Isitoshe, madini ya chuma yatokanayo na mimea hayafyonzwi na mwili kwa wepesi kama yale ya nyama. Mama aliyeandikiwa vidonge na daktari asiviache kwa sababu ameambiwa na jirani kuwa mbegu za boga "huongeza damu". Mbegu ni nyongeza ya chakula. Upungufu wa damu uliokwisha kuthibitishwa huhitaji matibabu.

Kikwazo kikubwa ni fitati, yaani kemikali ambayo mbegu huitumia kuhifadhi fosforasi hadi zitakapoota. Fitati hushikamana na madini ya chuma na zinki tumboni yakapita bila kufyonzwa. Kuna njia mbili nyepesi za kupunguza hasara hiyo. Ya kwanza ni kuziloweka mbegu usiku kucha kabla ya kuzikausha na kuzikaanga. Ya pili, ambayo ina nguvu zaidi kwa upande wa chuma, ni kula mbegu pamoja na kitu chenye vitamini C kama vile chungwa, pera, nyanya mbichi au maji ya ndimu. Chai, kinywaji ambacho Mkenya hakikosi mezani, hufanya kinyume chake. Kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na mlo huzuia sehemu kubwa ya chuma kufyonzwa. Afadhali kikae kwa saa moja kabla au baada ya mlo.

Jinsi ya kuziandaa

Boga lililokomaa vyema ndilo lenye mbegu nono. La kichanga lina mbegu laini zisizo na kiini. Baada ya kulipasua, mbegu hukombwa kwa kijiko pamoja na nyuzi zake na kutiwa ndani ya beseni la maji. Zifikichwe kwa vidole. Nyuzi zitatengana nazo na mbegu nyingi zitaelea. Zioshwe mara mbili au tatu mpaka utelezi uishe, kwani ule utelezi ndio unaozifanya zigandane na kuungua juu ya kikaango.

Atakaye mbegu zenye ladha ya chumvi na azichemshe kwa dakika 10 katika maji yenye chumvi kidogo, kisha azichuje. Zianikwe kwenye ungo au kitambaa safi juani kwa siku mbili au tatu, zikigeuzwa mara kwa mara na kuingizwa ndani jioni. Wakati wa mvua ni heri zikaushwe katika joto dogo la jiko kuliko kuachwa na unyevu. Mbegu iliyokauka huvunjika ikikunjwa; iliyo na maji hujipinda.

Kukaanga ndiko kunakowashinda wengi, nao huharibu kwa haraka yao. Moto uwe mdogo. Kikaango kisitiwe mafuta kwani mbegu zenyewe zina mafuta tele, takriban nusu ya uzani wake. Zikorogwe kwa mwiko bila kuachiwa, kwa dakika 10 hadi 15. Zitaanza kutatarika, kisha harufu kama ya njugu itasikika na rangi ya ganda kugeuka kuwa ya dhahabu hafifu. Hapo ziepuliwe mara moja na kumwagwa kwenye sinia, kwa maana zikiachwa ndani ya kikaango chenye moto zitaendelea kuiva na kuwa chungu. Mwenye joko anaweza kuzitandaza kwenye trei na kuzioka kwa nyuzijoto 150 hadi 160 kwa muda wa dakika 20 hivi.

Mbegu zenye ganda laini huweza kutafunwa nzimanzima. Zenye ganda gumu huambuliwa kwa meno, kazi ambayo watoto huifurahia, au hubingirishiwa chupa juu ya ubao ganda likapasuka na kupepetwa.

Kwa matumizi ya chakula, mbegu zilizokaangwa hutwangwa kinuni au kusagwa kwa blenda zikishapoa. Unga huo una kazi nyingi. Vijiko vitatu au vinne vya mezani vikichanganywa na maji ya vuguvugu hutoa rojo zito, ambalo humiminwa juu ya seveve, kunde au mrenda unaokaribia kuiva na kuachwa litokote kwa dakika tano hadi kumi kwa moto mdogo. Mboga hupata uzito na ladha ambayo kwa kawaida hutafutwa kwa maziwa au krimu. Kwa familia isiyo na ng'ombe, huo ni msaada wa kweli. Kwa uji, kijiko kimoja cha mezani chatosha kikombe kimoja, nacho hutiwa uji ukiwa umeshaiva.

Simsim

Wakazi wa magharibi mwa Kenya hawana haja ya kufunzwa habari za simsim. Katika kaunti ya Busia na maeneo ya Teso, simsim iliyosagwa ikawa rojo huungwa katika uyoga, mboga chungu na nyama iliyokaushwa. Waluo huiita nyim. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Uganda, rojo la simsim huitwa odii na hupakwa kwenye viazi au muhogo. Pwani nako ufuta hunyunyizwa juu ya mikate na kutengenezewa kashata.

Gramu 100 za simsim isiyokobolewa huwa na protini gramu 17 hadi 18, mafuta karibu gramu 50, na madini ya chuma zaidi ya miligramu 14. Kisha kuna kalsiamu, takriban miligramu 970. Kwa kuwa gramu 100 za maziwa ya ng'ombe huwa na miligramu 120 tu, watu wamevumisha kwamba simsim huimarisha mifupa mara nane kuliko maziwa. Dai hilo halina mashiko. Sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo imo katika ganda, na humo imefungamana na oksaleti hivi kwamba mwili hupata kidogo tu. Simsim nyeupe iliyoondolewa ganda nayo hubaki na sehemu ndogo sana ya kalsiamu hiyo. Kwa hivyo simsim isipewe kazi ya maziwa.

Thamani yake ya kweli imo kwingine. Protini ya simsim ina uchache wa laisini lakini ina wingi wa methionini, ambazo ni asidi amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe, kunde na mbaazi zina hali ya kinyume: laisini tele na methionini haba. Zikiliwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenzake. Mama wa Busia anayeunga kunde kwa simsim hupata matokeo hayo bila kupiga hesabu yoyote ya kimaabara.

Tatizo la simsim ya sokoni ni mchanga, kwani hupurwa na kuanikwa chini. Kuipepeta hakutoshi. Itiwe ndani ya sufuria ya maji, izungushwe kwa mkono, kisha maji yamiminwe haraka pamoja na simsim kwenye chujio la matundu madogo. Mchanga, ambao ni mzito, hubaki chini. Kazi hiyo irudiwe mara tatu au nne hadi chini ya sufuria pawe safi. Baada ya kukaushwa, simsim hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo kwa dakika tano hadi nane. Inaporukaruka na kutoa harufu nzuri huwa imekwisha kuiva. Ikizidishwa moto rojo lake huwa chungu na hakuna sukari inayoweza kuliokoa.

Itwangwe ingali na uvuguvugu, kwani hapo mafuta hutoka kwa wepesi. Mwanzo huwa unga mkavu, halafu hushikana, na hatimaye hung'aa kwa mafuta na kuwa rojo. Chumvi kidogo yatosha. Kwa mboga za watu watano au sita, vijiko vitatu vya rojo vikoroge katika maji moto nusu kikombe na kutiwa mwishoni mwa upishi. Rojo hilo hupunguza uchungu wa managu bila kuhitaji kumwaga maji ya mboga, desturi ambayo humwaga vitamini pamoja na uchungu.

Anayekula simsim bila kuisaga hufaidi ladha tu. Mbegu hizi ni ndogo na ganda lake ni gumu, hivyo nyingi hupenya tumboni na kutoka jinsi zilivyoingia. Hali ni iyo hiyo kwa kitani.

Mbegu za mchicha

Wengi huujua mchicha, au terere, kwa majani. Aina zinazokuzwa kwa ajili ya mbegu hutoa mashuke makubwa yenye mbegu za rangi ya maziwa au manjano hafifu, ilhali mchicha wa mboga kwa kawaida huwa na mbegu nyeusi zilizo ngumu. Gramu 100 za mbegu hizo zina protini takriban gramu 13.5 na madini ya chuma zaidi ya miligramu 7. Cha muhimu zaidi, zina laisini ya kutosha, ambayo mahindi na ngano hazina. Ndiyo sababu unga wake hupendekezwa kuchanganywa katika uji wa watoto na wa wagonjwa wanaouguzwa nyumbani.

Kikombe kimoja cha mbegu huchemshwa katika vikombe viwili na nusu hadi vitatu vya maji kwa dakika 20 hadi 25 hadi ziwe laini. Pia zinaweza kuchomwa zikapasuka kama bisi: sufuria nzito ipashwe moto ikiwa tupu na kavu, kijiko kimoja tu cha mbegu kitiwe, kifuniko kiwekwe na sufuria itikiswe. Hupasuka kwa sekunde chache na huungua kwa sekunde chache pia. Zikisagwa baada ya kupasuka, unga wake huwa na harufu nzuri na huiva upesi katika uji. Sehemu moja ya unga huo kwa sehemu tatu za unga wa mahindi au wimbi hutoa uji ambao watoto hawaukatai.

Alizeti, kitani na chia

Mbegu za alizeti zinasifika kwa vitamini E. Konzi moja iliyoambuliwa ganda hutoa miligramu 10 hivi, ambazo ni thuluthi mbili za mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Hukaangwa sawa na za maboga.

Kitani na chia zimepata umaarufu mkubwa madukani katika miaka ya karibuni. Sababu mojawapo ni mafuta ya jamii ya omega-3: kitani ina takriban gramu 22 za mafuta hayo katika gramu 100, na chia karibu gramu 18. Nyuzinyuzi zake pia ni nyingi mno, gramu 27 kwa kitani na 34 kwa chia, jambo linalowafaa watu wanaosumbuliwa na kufunga choo. Miongoni mwa mbegu zote, kitani ndiyo iliyofanyiwa mojawapo ya majaribio ya kitabibu yenye matokeo ya kutia moyo. Katika utafiti uliofanywa Canada na kuchapishwa mwaka wa 2013, wagonjwa 110 wenye maradhi ya mishipa ya damu ya miguu waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vyakula vyenye gramu 30 za kitani iliyosagwa kila siku na jingine vyakula visivyo nayo. Baada ya miezi sita, kipimo cha juu cha shinikizo la damu katika kundi la kitani kilikuwa chini kwa takriban alama 10 kuliko cha wenzao.

Matokeo hayo ni ya wagonjwa wachache wa aina moja ambao wengi wao waliendelea kumeza dawa zao. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa; naye anayekula kitani kwa wingi huku akitumia dawa za kushusha shinikizo au za kuzuia damu kuganda amjulishe daktari wake. Aidha, ute wa mbegu hizi huweza kuchelewesha ufyonzaji wa dawa, hivyo ni bora dawa zimezwe wakati tofauti na mbegu.

Kitani isagwe kidogo kidogo, ya kutosha siku chache. Chia haihitaji kusagwa sana lakini ni sharti ilowekwe. Kijiko kimoja cha mezani katika kikombe cha maji, maziwa au uji uliopoa, kikorogwe na kuachwa kwa dakika 15 hadi 30. Mbegu hizo hufyonza maji zaidi ya mara kumi ya uzani wake. Mwaka wa 2014 madaktari nchini Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 39 aliyemeza kijiko cha chia kavu na kuteremshia maji. Mbegu zilivimba kooni mwake na kuziba umio, ikabidi ziondolewe hospitalini.

Kwa mwenye kipato kidogo, hata hivyo, hakuna ulazima wa kuzinunua. Mbegu za boga na simsim zikiongezwa samaki, hata omena, hukidhi mahitaji mengi ambayo chia inasifiwa kwayo, na kwa gharama nafuu zaidi.

Madai yasiyo na uthibitisho

Wachuuzi wa dawa za kienyeji huzinadi mbegu za boga kuwa tiba ya tezi dume. Ujerumani ilifanya utafiti mkubwa, uliochapishwa mwaka wa 2015, uliohusisha zaidi ya wanaume 1,400 waliovimba tezi hiyo. Baada ya mwaka mmoja, waliokula gramu 5 za mbegu mara mbili kwa siku walipata nafuu kidogo katika shida za kukojoa kuliko waliopewa kitu kisicho na dawa. Jambo la kushangaza ni kuwa waliopewa vidonge vya kiini cha mbegu hizo, ambavyo ndivyo ghali, hawakuonyesha tofauti yoyote. Na uvimbe wa kawaida wa tezi si saratani. Mwanamume anayeamka mara nyingi usiku kukojoa au anayeona damu katika mkojo anahitaji kupimwa, na kila mwezi anaoupoteza akitafuna mbegu huku akijifariji unaweza kumgharimu maisha.

Kuhusu minyoo, mbegu za boga zimetumiwa tangu kale na katika mataifa mengi, na zina kemikali inayowalegeza baadhi ya minyoo. Lakini kipimo chake hakijulikani kwa uhakika na hutofautiana baina ya boga na boga. Kidonge cha albendazole ni cha bei ndogo na hufanya kazi hiyo kwa hakika zaidi.

Hatari za kuepukwa

Sumu ya aflatoksini ndiyo ya kuogofya zaidi. Hutokana na kuvu inayoota juu ya njugu, mahindi, simsim na mbegu nyinginezo zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Wakenya waliionja mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipowaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa maeneo ya Makueni na Kitui. Mbali na kuua ghafla, sumu hiyo kwa kiasi kidogo cha muda mrefu husababisha saratani ya ini. Viwango vinavyotumika Afrika Mashariki haviruhusu ipite mikrogramu 10 katika kilo moja ya njugu. Kukaanga hakuimalizi. Kuchemsha pia hakuimalizi.

Kinga ya nyumbani ni kuchambua. Mbegu iliyokunyata, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu au yenye ladha chungu ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kubeba sumu, na kuitoa kabla ya kusaga hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Njugu iliyokwisha kusagwa haiwezi kuchambuliwa. Hapo mnunuzi humtegemea mwuzaji. Mbegu zilizokataliwa wasipewe ng'ombe wala kuku, kwa sababu sumu ya ng'ombe humrudia mtu katika maziwa.

Mbegu za dukani zilizokusudiwa kupandwa zisiliwe kamwe. Hutiwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, na kwa kawaida hupakwa rangi nyekundu, kijani au buluu ili zitambulike. Mwishoni mwa mwaka wa 1971 na mwanzoni mwa 1972, nchini Iraq, ngano na shayiri zilizoletwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya kupandwa, zikiwa zimetiwa dawa yenye zebaki, zilisagwa na kuokwa mikate vijijini. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa lugha wasizozijua wakulima. Wengine waliziosha mpaka rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 miongoni mwao wakafariki. Miaka ya njaa, mfuko wa mbegu uliobaki ghalani hushawishi, nao ndio wakati wa kukumbuka kuwa sumu haioshwi na maji.

Boga likiwa chungu, litupwe pamoja na mbegu zake. Uchungu huo ni dalili ya kemikali inayosababisha kutapika na kuhara vibaya, na hauondoki kwa kupikwa. Watoto nao waonywe kuhusu mbegu za mbarika, zenye madoadoa ya kupendeza. Zikitafunwa, chache tu huweza kumwua mtoto.

Mbegu nzima na njugu nzima wasipewe watoto walio chini ya miaka mitano, kwani huweza kuwapalia na kuziba njia ya hewa. Wapewe zikiwa zimesagwa. Pia kuna watu wachache ambao miili yao huikataa simsim au njugu. Huvimba midomo, kutokwa na vipele au kushindwa kupumua muda mfupi baada ya kula. Marekani iliona uzito wa jambo hilo hata ikapitisha sheria mwaka wa 2021, iliyoanza kutekelezwa Januari 1, 2023, ya kulazimisha simsim itajwe wazi kwenye vifungashio vya vyakula. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitalini bila kukawia, na asiijaribu tena mbegu hiyo.

Kwa watu wazima tahadhari iliyosalia ni ya kiasi. Konzi moja ya mbegu ina takriban kalori 170, sawa au zaidi ya vipande viwili vya mkate. Anayezitafuna mbele ya runinga bila kuhesabu ataongeza uzani, na zenye chumvi nyingi zitamharibia mwenye shinikizo la damu kile anachotafuta.

Kuzihifadhi

Adui wa mbegu ni unyevu, joto na mwangaza. Zikauke kabisa na zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Zikifungwa na joto, mvuke wake hugeuka kuwa maji ndani ya chupa na kuvu hupata makao. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana ni bora kuliko mfuko wa plastiki. Mbegu nzima zilizokauka hudumu miezi kadhaa mahali pa baridi na giza. Zilizosagwa huanza kuchacha baada ya wiki chache, na kitani hata kabla ya hapo, kwa sababu mafuta yake yamekutana na hewa. Harufu kama ya rangi ya kupakia mbao ndiyo dalili. Asiye na friji asage za wiki moja tu kwa wakati.

Mbegu za boga zinazowekwa kwa msimu ujao zitengwe mapema na zile za kula, zisichemshwe wala kutiwa chumvi, na zikaushwe kivulini. Zichaguliwe kutoka kwa boga lililokomaa shambani mpaka kikonyo kikakauka. Za boga la mbegu chotara zinaweza kuota vizuri, ila mazao yake hayatafanana na ya mama yake.